Imegrabiwa

"Nani amekufa?"

Jirani yangu Mumina aliniuliza hivyo Jumatatu asubuhi, nikiwa mferejini, kwenye bomba la maji la mtaa, na povu la sabuni hadi viwikoni. Alikuwa ameshika ndoo tupu, na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa uwanjani.

Nikageuka. Mkokoteni umesimama katikati ya uwanja, umejaa nguzo, na wanaume wanne wanachimba mashimo.

"Sijasikia kilio," nikamwambia.

"Hata mimi. Lakini nguzo si hizo?"

Ndizo. Mtaani kwetu, nguzo zikiteremshwa uwanjani, kuna mtu amekufa. Hazikuwahi kuteremshwa kwa sababu nyingine. Nyumba zetu ni za chumba kimoja kimoja, laini baada ya laini, upande huu unapotoka Pumwani kuelekea Eastleigh, na chumba kimoja hakitoshi watu kulia. Sisi tuliotoka magharibi hatumziki mtu wetu Nairobi. Tunampeleka nyumbani, na kabla ya kumpeleka tunakaa matanga kila jioni: turubai, moto, chai, nyimbo, maombi, na kupanga safari. Yote hayo yalifanyika pale uwanjani. Kina Mumina ni Waislamu, wao humzika mtu wao upesi, lakini Maulidi yao na harusi zao zilikuwa palepale, na tukiwa na matanga walikuja wakakaa nasi kama ni yao. Mume wangu alililiwa pale, mwaka wa themanini na sita. Aliyefunga turubai alikuwa Kweyu.

Kweyu ndiye aliyewafungia watu wote. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha magunia, na turubai la mtaa lilikaa chini ya kitanda chake pamoja na kamba na karabai. Mtu akifa, aliyeitwa kwanza ni yeye, hata kabla ya mchungaji. Sasa mwaka huo wa tisini na nne Kweyu mwenyewe alikuwa mgonjwa. Kifua. Mkewe Phelister alikuwa amekonda kuliko mgonjwa.

"Basi ni Kweyu," Mumina akasema, akaweka ndoo chini. "Inna lillahi."

Kwetu huendi kwa mfiwa mikono mitupu ukamwuliza ni kweli. Unachukua ulicho nacho, unaenda uwanjani, unaanza kazi. Niliacha nguo kwenye karai, nikajifunga leso, nikawasha jiko. Mumina akaleta vikombe vyake vya harusi. Mama mwingine akatoa maziwa, mwingine stuli, mwingine kuni. Saa nne haijafika tulikuwa kumi na zaidi, na wale wanaume wanne tuliwapa chai kwanza, maana ndio waliokuwa wakichimba. Wakanywa. Msimamizi wao, mtu wa kofia ya sufu, aliongezewa mara mbili na akaomba sukari. Hakuuliza kwa nini anapewa chai. Nami niliinamisha kichwa kando ya shimo la kwanza, nikaomba Mungu aipokee kazi ya mikono yao.

Halafu wanawake wa laini ya tatu wakaanza kulia. Wakatoka na kilio chao kwa mwendo ule wetu wa kukimbia kidogo na kusimama, mikono kichwani, wakaelekea mlangoni kwa Phelister. "Kweyu! Nani atatufungia turubai! Kweyu, umetuachia nani!"

Mlango ukafunguka. Akatoka Kweyu, amejifunga blanketi, bakuli la uji mkononi.

"Mnamlilia nani?"

Kilio kilikatika kama redio iliyoishiwa na betri. Mama mmoja akakaa chini. Mumina akashika mdomo.

"Nauliza tu," Kweyu akasema. "Kama ni mimi, mbona chai imepikwa na mimi sijaonja?"

Phelister alikuwa nyuma yake, macho yamemtoka. Watu wakaanza kucheka, kile kicheko kinachokuja na machozi, na mwingine akasema ukililiwa ukiwa hai utaishi miaka mingi. Kweyu naye alicheka mpaka akakohoa. Kisha akainua macho, akaona zile nguzo, na kicheko kikamwishia usoni.

"Nani amewatuma wale?"

Hakuna aliyejua.

"Nguzo za turubai haziwekewi simiti," akasema. "Tazameni ule mfuko."

Tukatazama. Tulikuwa tumeupita mara ngapi na sufuria za chai.

Mumina alikwenda akamwuliza yule wa kofia. Akarudi polepole. "Anasema ni ploti ya Bwana Wakoli."

Wakoli tulimjua. Alikuwa mtoto wa laini ya pili, mwana wa marehemu Mzee Wasike wa reli. Alikulia pale, akacheza mpira wa makaratasi palepale, akasoma, akahamia kwenye nyumba nzuri zaidi, akawa na watu wake katika ofisi za mjini. Baba yake alipokufa, matanga yake yalikaa wiki nzima uwanjani, na Kweyu hakwenda kazini siku hizo zote.

Kufikia Alhamisi mabati yalikuwa yamezunguka uwanja wote, na lango, na askari. Watoto waliokuwa wakicheza ndani walihamia barabarani.

Hapo ndipo neno moja lilipoenea midomoni mwa kila mtu. Nilikuta vijana wamekaa kwenye ukuta wa choo, nikawauliza kama kuna aliyesikia lolote. Zaid, mwana wa Mumina, akaniambia, "Mathe, hiyo imegrabiwa." Nikaenda dukani. Mwenye duka akasema, "Eh, imegrabiwa." Nikatoka kanisani Jumapili, mzee wa kanisa akatikisa kichwa, akasema taratibu, kama mtu anayetaja ugonjwa, "Naona nyinyi pia mmegrabiwa."

Mimi nilisoma hadi darasa la saba, na Kiingereza changu si cha kujivunia. Lakini hilo neno nililifahamu kabla halijawa la viwanja. Miaka ile watoto walipokuwa wakipewa maziwa ya pakiti shuleni, nilipata kibarua cha kupanga kreti na kuwagawia. Mwalimu wa darasa la pili, binti mwembamba, alisimama kando ya foleni. Mtoto akinyoosha mkono kabla ya zamu yake, mwalimu alipaza sauti, "Don't grab!" Mkono ulirudi haraka. Aliyerudia alipelekwa nyuma kabisa ya foleni, na huko nyuma mara nyingi maziwa yaliisha. Kwa hiyo watoto walilijua vizuri neno lile, wakatoka nalo shuleni. Nikawasikia wakiambiana wakicheza, we usigrabu, mama nimegrabiwa mkate. Lilikuwa neno la mtoto na kitu kidogo, na lilikuwa na aibu yake.

Sijui lilipanda lini hadi kwa watu wazima. Watu wa magazeti walisema lilikuwa likiandikwa kila siku miaka hiyo: msitu umegrabiwa, choo cha umma, kiwanja cha shule, hata makaburi. Redioni walisema kunyakua. Kunyakua ni kazi ya mwewe, na mwewe hupigiwa kelele na kutupiwa mawe. Mtaani kwetu hatukusema kunyakua. Tulisema kugrabu, na tukisema hivyo tuliinua mabega kidogo, tukaendelea na safari zetu. Ile aibu ya foleni ya maziwa ilikuwa imebaki shuleni.

Nilimweleza Kweyu habari hii ya maziwa nilipompelekea ndizi za kuchemsha. Binti yake Lorine alikuwa pale akimkanda mgongo.

"Kumbe ulimgawia maziwa Lorine?" akauliza.

"Nilimgawia."

"Alikuwa akigrabu?"

"Baba!" Lorine akasema.

"Aligrabu mara moja," nikasema. "Akarudishwa nyuma. Alilia mpaka akapaliwa."

Kweyu alicheka. "Basi huyu anajua. Wakoli naye amesoma shule hiyohiyo." Akajiinua kwenye mto. "Lorine, nipe fimbo yangu."

"Unaenda wapi?"

"Mlangoni tu."

Akaenda mlangoni. Akashika mwimo kwa mkono mmoja. Tulidhani anataka hewa. Akavuta pumzi, ile pumzi yake yenye filimbi ndani, akapiga ukelele ambao sikujua kifua kile bado kinao.

"Mwizi! Mwizi! Mwizi!"

Lazima nieleze neno hilo nalo lilivyofanya kazi kwetu. Mwezi huohuo kijana mmoja alianua suruali ya mtu kwenye kamba. Aliyemwona alipiga kelele mara moja tu. Sitaandika walichomfanyia. Nilikwenda nikamfunika kwa leso yangu na leso sikuidai tena.

Basi Kweyu alipoita, mtaa ulimwagika. Walitoka na rungu, na mchi wa kutwangia, na vipande vya matofali. Zaid alikuja mbio, jiwe kubwa mkononi. "Wapi? Amepitia wapi? Buda, ni yupi?"

"Hajakimbia," Kweyu akasema, akihema. Akaelekeza fimbo kwenye mabati. "Ni yule pale. Amejenga kabisa."

Watu wakatazama mabati. Wakamtazama Kweyu. Mawe yakaanza kushuka chini, moja moja.

"Aah, buda," Zaid akasema. "Hiyo si imegrabiwa?"

"Nikichukua ndoo ya mama yako, nimefanya nini?"

"Umeiba."

"Na nikichukua uwanja wa mama yako?"

Zaid alicheka. Hakucheka kwa ubaya, ni kijana mwenye heshima. "Buda, wacha maneno. Hiyo ni ya wakubwa. Ingia ndani, baridi itakumaliza."

"Ametuitia mbio bure," mwingine akanung'unika. "Nimeacha mboga motoni."

"Ni ugonjwa," mama mmoja akamnong'oneza mwenzake. "Umeshapanda kichwani."

Wakarudi. Kweyu alibaki ameshika mwimo wa mlango mpaka Phelister alipofika kutoka sokoni, akamwona, akatua kikapu, akamrudisha kitandani bila kumgombeza.

Usidhani hatukufanya lolote. Okoth, fundi cherehani aliyekuwa mwenyekiti wetu wa mambo ya mazishi, alitupeleka mjini, wanaume watatu na sisi wanawake wawili. Ofisi ya kwanza ilitutuma ya pili. Ya pili ilitutuma ghorofa ya juu. Huko juu karani kijana alituuliza kwa adabu kama tuna karatasi za uwanja.

"Uwanja hauna karatasi," Okoth akasema. "Ni uwanja."

"Basi mzee, unaona shida ilipo," karani akasema. "Mwenzenu anazo."

Wanawake wa maombi tulifunga siku tatu, tukasimama kando ya mabati alasiri baada ya alasiri, tukaimba. Askari alikuwa Mkamba mmoja mpole. Alivua kofia tulipoomba, akasema amina nasi. Tulipomaliza alituambia, "Mama zangu, ombeni tu, hakuna neno. Ila msiguse mabati." Mimi namwamini Mungu wangu na sijaacha kumwamini. Nasema tu kilichokuwa: tuliomba, na wiki iliyofuata lori likaleta mawe ya msingi.

Kweyu alijua siku zake. Alasiri moja alituita karibu na kitanda, mimi na Phelister. Phelister aliketi miguuni pake, nami kwenye stuli.

"Mama Triza, wewe ni shahidi," akaniambia. "Mwanamke huyu akiambiwa jambo peke yake husema hakusikia."

"Nasikia," Phelister akasema. "Sema."

"Nikifa, watu watatafuta pa kukaa. Wakoli atakuja. Namjua, si mtu mbaya wa kununa. Atakuja na sukari. Atawafungulia lango." Akapumzika. "Msimwombe. Na akiwapa msichukue. Siku mtakayomwambia asante kwa uwanja ule, mtakuwa mmempa. Karatasi za mjini ni karatasi tu. Zile asante ndizo zitakazomfanya mwenye uwanja."

"Tutakulilia wapi, baba Lorine?" Phelister akauliza.

"Kwenye mfereji. Nyuma ya choo. Hapa kitandani, mkipokezana. Nimewalilia watu wote pale uwanjani nikiwa nimesimama wima, sasa nikalale mle kwa ruhusa ya mtoto wa Wasike?"

"Sitaomba," Phelister akasema.

"Niapie."

Hatuapi ovyo kanisani kwetu. Lakini alimwapia, akiwa ameushika wayo wake kwa mikono miwili.

Alifia hospitali Jumanne, mkewe akiwa njiani na chupa ya uji.

Turubai tulilitoa chini ya kitanda sisi wenyewe. Zaid na vijana wengine walijaribu kulifunga pale mferejini, kati ya laini mbili, na hapakutosha. Upande mmoja ulifungwa kwenye dirisha la mtu, upande wa pili kwenye bomba la choo. Msimu ulikuwa wa mvua. Watu walisimama mgongo kwa mgongo kwenye matope, na aliyetaka kwenda chooni aliomba njia kati ya waombolezaji. Tuliimba, lakini wimbo ukianzia huku, wa kule hawakuusikia wakaanzisha wao. Phelister aliketi kwenye gunia karibu na mlango wake. Alikuwa ametulia. Kila mtu aliyemwambia "pole, mama, na hali hii" alimjibu, "Tuko sawa. Ndivyo alivyotaka."

Alhamisi akafika kaka mkubwa wa Kweyu kutoka nyumbani, na wazee wawili wa ukoo, wamevaa makoti mazito, wametoka moja kwa moja kituoni. Yule kaka alisimama mwisho wa laini na mfuko wake begani, akatazama watu kwenye matope, akatazama turubai lililofungwa kwenye bomba, akatazama choo.

"Hapa ndipo mnapomlilia ndugu yangu?"

Phelister alimweleza. Akamweleza vizuri, bila kulia, habari ya uwanja na Wakoli na maneno ya kitandani. Akasema, "Mama Triza hapa ni shahidi."

Nikasema nilikuwepo, na ni kweli.

Yule kaka mkubwa alinisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mkali. "Mama," akaniambia, "mgonjwa husema mengi. Mke wangu alipougua alisema tusilimwagie kaburi lake maji. Sisi tuliobaki ndio tunaojua aibu. Nikirudi nyumbani waniulize ndugu yako alililiwa wapi, nitasema chooni?"

Phelister akafungua mdomo, na wakati huohuo watu wakaanza kusogea, wanapisha njia. Wakoli alikuwa anakuja. Suti nyeusi, viatu amevifuta tope kwa jani. Nyuma yake dereva amebeba mfuko wa sukari na katoni ya majani ya chai. Akawasalimu wazee kwa mikono miwili. Akachutama mbele ya Phelister, hasa, goti karibu na tope.

"Mama Lorine. Pole sana. Mimi ni mtoto wenu. Mzee Kweyu ndiye aliyemsindikiza baba yangu, siwezi kusahau. Nimesikia leo tu. Kwa nini hamkuniambia? Lango liko wazi. Nimeshamwambia askari."

Phelister alimtazama.

"Mungu akubariki, mwanangu," kaka mkubwa akasema. "Mungu akubariki sana. Vijana, fungueni hiyo kamba."

Nilidhani watakataa. Nilimtazama Zaid. Zaid alimtazama mama yake. Mumina alikuwa amesimama kwenye maji hadi vifundoni, na shuka lake la kufunika vyombo lilikuwa limelowa. Akainama, akachukua viti viwili. "Mtu hawezi kuomboleza akiwa amesimama," akasema, hakumwambia mtu yeyote. Baada ya hapo kila mtu alichukua kitu. Mimi nilichukua sufuria, maana maji yalikuwa yanachemka na wageni walikuwa hawajala tangu jana. Lorine alibeba picha ya baba yake.

Phelister alibaki kwenye gunia lake mpaka laini ikawa tupu. Wazee wa ukoo wakaja wakamsimamisha, mmoja kila upande, kama inavyofanywa kwa mjane. Hawakumburuta. Walimshika tu, na kwetu mjane akishikwa hivyo huenda.

Ndani palikuwa pazuri, nisidanganye. Ardhi ilikuwa imemwagiwa kokoto, haina tope. Mawe ya msingi yalikuwa yamepangwa upande mmoja na watu wakayakalia. Turubai lilisimama wima kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Wimbo ukashika pande zote mbili, sauti za wanaume zikaja chini yake, na watu waliopita barabarani wakasimama kusikiliza. Bado kulikuwa na mwanga. Phelister walimketisha mbele, mimi kando yake. Mkono wake ulikuwa baridi na alikuwa haimbi.

Okoth akasimama kama mwenyekiti. Alitutangazia safari, Jumamosi asubuhi, basi liko tayari. Kisha akakohoa. "Na sasa, kabla ya neno la Mungu, sisi si watu wa kusahau. Tumshukuru Bwana Wakoli, aliyetupa uwanja wake."

Watu wakapiga makofi. Nilitazama mikono. Wale walioinua mabega, wale walionung'unika, yule mzee wa kanisa, vijana wa ukuta wa choo. Walipiga kwa moyo. Walikuwa wamekauka miguu na wamekunywa chai yenye sukari.

Wakoli akasimama, akainua kiganja kuomba utulivu. "Wazazi wangu, asanteni. Hapa panajengwa, hilo mnalijua, ni maendeleo. Lakini mpaka ujenzi ufike juu, mkiwa na shida kama hii, msiteseke kwenye maji. Njooni mniulize. Sitawanyima."

"Amina," wakasema.

"Amina kubwa," akasema kaka mkubwa.

Okoth akamgeukia Phelister. Alikuwa anatabasamu kwa huruma, namjua Okoth, hakuwa na nia mbaya. "Mama mjane hana nguvu ya kusema mengi. Lakini nadhani angependa kumwambia kijana wetu asante kwa mdomo wake mwenyewe. Mama, neno moja tu."

Wazee wawili wakamshika kumsimamisha. Akawatoa mikono, akasimama peke yake. Wakoli aliinamisha kichwa chake mbele, tayari kupokea.

"Aliniapisha nisiombe," Phelister akasema. Sauti haikuwa kubwa, lakini mabati yaliirudisha. "Sikuomba."

Kaka mkubwa akasema, "Mama, mama, keti." Okoth akaanza wimbo haraka, na wimbo ukashika, maana watu walitaka pa kushika. Phelister akainama akaichukua picha ya Kweyu magotini pa Lorine. Akapita kati ya viti. Niliinuka nusu, na mjumbe wa kanisa nyuma yangu akanivuta leso, akisema mwache apumue, atarudi. Askari alinyanyuka kumfungulia lango. Phelister alimtangulia, akainua komeo la chuma mwenyewe, akatoka na picha kuelekea mferejini.